Mgombea Mwenza si Kiraka

Msonyo ulitoka kwa mzee wa kahawa. Ulikuwa mrefu, wa mtu aliyechoka kusikia. Dele limeinama mkononi, kikombe kimefika nusu, na kijana wa bodaboda kwenye benchi la mbele ndio kwanza ametangaza kwamba Kindiki hafiki Agosti 2027 akiwa ubavuni mwa Ruto. "Ameshauzwa huyo," akasema. "Imebaki tarehe tu."

Hapa ni Majengo, Mombasa, baada ya sala ya Isha. Kijiwe chetu hakina paa wala bango. Kina mabenchi mawili, jiko la makaa, ndoo ya kuoshea vikombe, na meza ya mama wa mahamri ambayo ndiyo hufunga duara. Siku hizi mazungumzo ni hayo kwa hayo: Rais atamwacha naibu wake? Akimwacha, atamchukua nani? Hata mpira umekosa wa kuubishania.

Watu hawapigi porojo tupu. Hesabu wanaijua kwa kichwa. Mwaka 2022 William Ruto alipata kura 7,176,141 na Raila Odinga 6,942,930. Tofauti haikufika laki mbili na nusu. Kwa mwanya mwembamba kiasi hicho, kila eneo linaweza kujisimamisha na kusema, mimi ndiye niliyekuweka hapo. Mlima Kenya ulisema hivyo kwa sauti kubwa kuliko wote, na malipo yake yalikuwa Rigathi Gachagua kuwa Naibu Rais. Miaka miwili baadaye Gachagua akatimuliwa. Leo ana chama chake, DCP, na kila anaposhika kipaza sauti wimbo ni mmoja: Wantam, muhula mmoja tu. Wa upande wa pili nao wanajibu: Tutam, mihula miwili.

Sasa Profesa Kithure Kindiki, aliyechukua kiti hicho, ni mtu wa Tharaka Nithi, upande wa mashariki wa Mlima huohuo. Hoja ya kijana wa bodaboda ilikuwa rahisi, na ndiyo unayoisikia kuanzia Kongowea hadi Likoni. Ikiwa Mlima umeondoka na Gachagua, wa nini kuendelea kuulipa? Kiti wapewe watakaoleta kura. Na watakaoleta kura, kwa mujibu wake, ni ODM, chama cha Raila.

"Mwanangu," mzee wa kahawa akamwambia, "wewe wahesabu kura kama abiria."

Kijana hakukasirika. Alijibu kwa adabu, lakini hakurudi nyuma. "Mzee, ODM iliingia serikalini ilipowaka moto. Haikuingia bure." Hapo ana haki. Baada ya vijana kuingia barabarani Juni 2024 kupinga Mswada wa Fedha, Rais alivunja baraza lake la mawaziri, na Hassan Joho, John Mbadi, Opiyo Wandayi na Wycliffe Oparanya wakaingia kwenye baraza jipya. Machi 7, 2025, Ruto na Raila wakatia saini mkataba wao pale KICC. Kisha Oktoba 15 mwaka huohuo Raila akafariki India, na kaka yake Oburu Oginga akachukua uongozi wa chama. Alipokuwepo Raila, Baba kama walivyomwita, neno lake lilitosha kuwa dhamana. Sasa hayupo, na wafuasi wake wanataka dhamana ya kushikika. Kiti cha mgombea mwenza kinashikika.

Mwalimu mstaafu, ambaye huketi pembeni na gazeti lililokunjwa, yeye aliona mambo kinyume. Mlima hauachwi, alisema. Ukimwondoa mtoto wao wa pili ndani ya muhula mmoja, utakuwa umempa Gachagua hotuba ya bure ambayo hakuna pesa ingeweza kuinunua. Kindiki atabaki, si kwa kuwa anapendwa, bali kwa kuwa kumtoa ni ghali. Nakiri hoja hii ina uzito kuliko ile ya bodaboda. Lakini nayo, mkiiangalia vizuri, inamzungumzia Kindiki kama gogo lililowekwa mlangoni usije ukafunguka.

Ndipo mama wa mahamri akaingia. Alikuwa anafunga sahani na kitambaa, akasema bila kutuangalia: "Na sisi je? Pwani hatuzai?"

Kimya kikashika. Swali hili halina mwenye jibu hapa. Tangu uhuru, Jaramogi alitoka Nyanza, Moi na Saitoti, Bonde la Ufa, Kibaki na Karanja wakatoka Kati, Mudavadi, Wamalwa na Awori wakatoka Magharibi, Kalonzo, Ukambani. Kisha Ruto, Gachagua, Kindiki. Hakuna hata mmoja aliyetoka Pwani. Jina la Joho, mtu wa Pwani, linapotajwa mezani kwa mama yule, halitajwi kwa ushabiki. Linatajwa kama mtu anayehesabu watoto walioitwa kula, akaona wake bado yuko nje. Mimi pia nimezaliwa kisiwa hiki na najua maumivu hayo. Nikimsikia mtu wa bara akiyacheka, hunichoma.

Lakini nilimkumbusha mama jambo moja, na nitalirudia hapa kwa kuwa vijana wengi hawalijui. Pwani iliwahi kupewa umakamu wa rais. Ilikuwa Limuru, Machi 1966, kwenye mkutano wa chama cha KANU. Siku hiyo kiti kimoja cha makamu wa rais wa chama, alichokuwa amekikalia Jaramogi Oginga Odinga, kilikatwa vipande 8, kila mkoa kipande chake. Cha Pwani akapewa Ronald Ngala. Watu wetu wakasherehekea? Huenda. Ila lengo la mkutano ule halikuwa kumpandisha Ngala. Lengo lilikuwa kumshusha Odinga, na kisu kikapatikana kwa kila mkoa kugawiwa kinyofu. Mwezi uliofuata Jaramogi akajiuzulu umakamu wa rais wa nchi. Na Ngala hakuwahi kuwa makamu wa rais wa Kenya.

Kila nikisikia jina la Pwani likitajwa kwenye biashara ya mgombea mwenza, huukumbuka ule mkutano wa Limuru. Naogopa tusije tukawa tena kinyofu cha kumtolea mtu mwingine.

Na historia ya kiti chenyewe ni ya kusikitisha. Chini ya katiba ya zamani, makamu aliteuliwa na rais kutoka miongoni mwa wabunge na kuondolewa na rais. Joseph Murumbi alikaa miezi michache mwaka 1966. Kibaki alikaa miaka 10, kisha mwaka 1988 akashushwa hadi Wizara ya Afya. Aliyemrithi, Josephat Karanja, alikaa mwaka mmoja na ushei, wabunge wakampigia kura ya kutokuwa na imani naye, akajiuzulu. Baada ya uchaguzi wa 1997 Moi alikiacha kiti kitupu zaidi ya mwaka mzima, nchi ikaenda bila makamu, na alipoamua kumrudisha Profesa George Saitoti mwaka 1999 alilitangaza jambo hilo kando ya barabara, Limuru, kwa watu waliokuwa wamejikusanya. Agosti 2002 akamtoa tena. Musalia Mudavadi akaingia Novemba, akakaa miezi 2, na uchaguzi ukamchukua yeye na kiti chake cha ubunge.

Hicho ndicho kiraka. Suruali ikitoboka, kitambaa kinashonwa. Rangi ikichakaa, kinabanduliwa, kinashonwa kingine.

Katiba ya 2010 ilitaka kuukomesha mchezo huo. Kwa sasa kila anayegombea urais lazima ateue mgombea mwenza mwenye sifa zilezile za kugombea urais, na mkuu akishinda, mwenza naye ametangazwa kuchaguliwa. Hakuna karatasi ya pili. Kura moja, watu wawili. Rais hawezi kuamka asubuhi akamfuta kazi naibu wake, kwa sababu aliyewaajiri wote wawili ni mpiga kura. Tulipoipitisha katiba ile Agosti 2010, sehemu hii wengi hatukuitilia maanani. Tulikuwa tunashangilia kaunti na mgao wa fedha. Hii nayo ilikuwa ushindi.

Oktoba 2024 tukaona jinsi ushindi huo ulivyo mwembamba. Ijumaa ya Oktoba 4, watu waliitwa kila kaunti kutoa maoni kuhusu kumwondoa Gachagua. Mzee wetu wa kahawa alikwenda. Alifunga jiko mapema, akavaa kanzu safi, akapanga foleni, akaandika jina lake na nambari ya kitambulisho kwenye fomu. Alisema alitaka aondoke, kwa sababu alimsikia kwa masikio yake akiifananisha serikali na kampuni yenye wanahisa, wenye kura nyingi wale kwanza. "Na mimi nina hisa ngapi?" mzee aliuliza siku ile, na hatukuwa na jibu. Kwa hiyo aliamini anafanya haki.

Oktoba 8 wabunge 281 wakaunga mkono hoja, 44 wakaipinga. Oktoba 17 Seneti ikayakubali mashtaka 5 kati ya 11, mshtakiwa akiwa kitandani hospitalini. Asubuhi yake, Oktoba 18, jina la Kindiki lilikuwa limeshafika bungeni, na wabunge 236 wakaliidhinisha bila hata mmoja kupinga. Mahakama ikazuia kwa muda, ikaachilia, na Novemba 1 akaapishwa KICC.

Kila hatua ilikuwa na kifungu chake. Sibishi. Katiba inampa rais siku 14 za kuteua na Bunge siku 60 za kupiga kura. Kwetu yote mawili yalimalizika kabla chai ya asubuhi haijapoa. Ila kipimeni kitu hiki: watu zaidi ya milioni 7 walimchagua naibu rais, na aliyeketi sasa alipata kura 236. Ukimpenda Kindiki au usimpende, yeye bado hajasimama mbele ya mwananchi kwa cheo hicho. Kwa hiyo swali la kijiwe, kama Ruto atabadilisha mwenza, limeshajibiwa nusu. Amebadilisha tayari. Vyovyote itakavyokuwa, jina litakalokuwa kando yake 2027 halitakuwa lile tulilolipigia kura 2022. Uhuru Kenyatta aliporudi kuomba muhula wa pili 2017, alirudi na mwenza yuleyule, na mwenza yule ndiye Rais wa leo. Hii itakuwa mara ya kwanza chini ya katiba hii rais kurudi na mtu mwingine.

Sasa nisemacho hasa ni hiki, na usiku ule nilikisema nikiwa nimesimama. Tulikaa pale saa nzima tukimjadili Kindiki, na hakuna aliyeuliza amefanya nini. Tuliuliza ataleta kura ngapi. Tuliuliza Mlima utasemaje. Mtu huyu ndiye aliyekuwa Waziri wa Usalama wa Ndani Juni 2024, vijana walipopigwa risasi. Makumi waliuawa. Wengine walichukuliwa na watu wasiovaa sare, ndani ya magari yasiyojulikana. Hapa Mombasa pia watoto wetu walikuwa barabarani. Kijana huyuhuyu wa bodaboda alikuwa Barabara ya Moi, karibu na zile Pembe za Ndovu, akarudi na macho mekundu kwa moshi na kiatu kimoja. Nilimwona. Dada yake alimwoshea uso kwa maziwa pale kwenye ngazi ya nyumba yao, naye akitetemeka mikono. Na usiku huu, kijana huyohuyo, akipima kama Kindiki afaa kubaki au kuondoka, hakuitaja siku ile hata kwa neno moja. Alitaja ODM.

Sikumlaumu. Ndivyo tulivyofundishwa kuzungumza siasa. Lakini roho iliniuma.

Kuna wakati watu walikiona kiti hiki kwa sura yake ya kweli, na wakati mmoja ulikuwa hapahapa Mombasa. Agosti 22, 1978, alfajiri, Mzee Jomo Kenyatta alifariki Ikulu ya Mombasa. Mzee wa kahawa alikuwa kijana wa mkokoteni. Anakumbuka redio ikipiga muziki wa huzuni, maduka ya Makupa yakifungwa, na watu wakiulizana kwa kunong'ona, nani sasa? Jibu lilikuwa Daniel arap Moi, makamu tangu 1967, mtu ambaye miaka miwili nyuma wanasiasa wakubwa walizunguka nchi wakitaka katiba ibadilishwe asije akarithi. Walimwona mdogo. Alikaa miaka 24.

Majirani zetu wamelijua hili kwa karibu zaidi. Mwaka 2020 Watanzania walipiga kura huku macho yote yakiwa kwa John Magufuli. Jina la mwenza wake, Samia Suluhu Hassan, lilikuwa kwenye mabango pia, lakini nani alilisoma mara mbili? Machi 17, 2021 alikuwa huyo mama akitangaza kwenye televisheni kwamba rais amefariki, na siku mbili baadaye akaapishwa. Miezi isiyotimia mitano tangu uchaguzi. Wenzetu hawakuitishwa tena kupiga kura. Kura ilikuwa imeshapigwa. Na mwaka 2025, yeye mwenyewe alipojiandaa kwa uchaguzi, jina la mwenza mpya, Emmanuel Nchimbi, lilitajwa Januari mkutanoni Dodoma, na wajumbe wakaelezwa kuwa Makamu Philip Mpango ameomba kupumzika. Ya uchaguzi wenyewe ni mazungumzo mengine na mazito. Ninachokiokota hapo ni hiki tu: aliyebadilisha alilisema hadharani, miezi tisa kabla ya kura.

Sisi 2022 tulifanyaje? Jina lilitolewa Mei 15, siku moja kabla ya pazia la tume ya uchaguzi, IEBC, kufungwa, baada ya vikao vya usiku Karen ambamo magazeti yaliandika kwamba jina la Kindiki ndilo lililoongoza kwa wabunge wa Mlima. Kindiki akatangaza kujiweka kando na siasa za kugombea. Sisi wapiga kura tulikuwa wapi? Tulikuwa hapa, tunakunywa kahawa, tunasubiri kuambiwa. Mara moja tu tuliwasikia wenza wenyewe, Julai 19, Gachagua na Martha Karua walipokabiliana kwenye mdahalo Chuo Kikuu cha Kikatoliki, Karen. Usiku mmoja. Aliyeutazama alijua mapema mengi ambayo wabunge walijifanya kuyagundua 2024.

Kwa hiyo nilimwuliza kijana swali. Kitu kikitokea usiku wa leo, Mungu apishe mbali, ungependa nani aamke kesho akiwa rais? Usiniambie chama. Niambie mtu, na sababu.

Alifikiri muda mrefu. Alichukua kikombe, akakirudisha bila kunywa. Mama wa mahamri alikuwa amemaliza kufunga sahani zake lakini hakuondoka. Mwalimu akaukunjua mkunjo wa gazeti na kuukunja tena.

"Hilo mbona hatuulizwi?" kijana akasema hatimaye.

"Tusingoje kuulizwa, mwanangu," mzee wa kahawa akajibu. Safari hii hakusonya.

Ninaomba mambo mawili tu, kwa Rais Ruto na kwa kila atakayesimama kushindana naye. Kama Kindiki atabaki, tuambiwe mapema na aje atuombee kura mwenyewe, aeleze na Juni 2024 mbele ya wazazi waliozika. Kama ataondolewa, tuambiwe kwa nini, na anayekuja aje mapema ajulikane, awe anatoka Homa Bay, Kakamega au Kisauni. Na ikiwa ni mtu wa Pwani, mama wa mahamri atalia kwa furaha na mimi nitalia naye, lakini kesho yake nitamwuliza mtu huyo maswali yaleyale ninayomwuliza wa Tharaka Nithi.

Tulipokuwa tunatawanyika, kijana aliwasha pikipiki, akaizima, akanirudia. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ana miaka 23 na hajawahi kujiandikisha kupiga kura. Nilimwelekeza ofisi ya IEBC ya Mvita, aende na kitambulisho chake. Wewe unayesoma, kama jina lako halimo kwenye daftari, nenda nawe. Uchaguzi ni Jumanne, Agosti 10, 2027.